Tangi la Mzee Ndunguru

Daktari Enesia Tweve alimlaza samoni ubavu juu ya sifongo iliyolowa, akamfunika jicho kwa kitambaa, kisha akakiinua kifuniko cha shavu kwa ncha ya kidole. Samaki alikuwa amekolewa na dawa ya usingizi, hakufurukuta. Matamvua yake yalikuwa mekundu, wekundu wa afya, isipokuwa pembeni, pale nyuzi zinaposhikana na mfupa. Pale palikuwa na baka jeupe la ute, dogo tu, punje moja ya mchele ingetosha kulifunika.

Alijiambia ni povu. Alipangusa kwa pamba, baka halikutoka. Akamrudisha samaki majini, akamtoa wa pili na wa tatu, na kila mmoja alikuwa na baka lake, wengine mawili. Alipomfikia wa nne alikuwa ameshaacha kujidanganya. Alikwangua ute kidogo, akaupaka kwenye kioo cha darubini, na amiba wakajitokeza, wakijinyoosha na kujikunja bila haraka yoyote, wenyewe wamestarehe.

Tangi lile lilikuwa la kaka yake. Jina lilikuwa limeandikwa ubavuni kwa rangi ya bluu, Ezroni Tweve, na Ezroni mwenyewe alikuwa pale chini mbele ya nyumba ya wagonjwa, anaota jua la asubuhi na kibuyu chake ubavuni.

Kibuyu ndivyo watu wa Makete walivyokiita. Jina lake la kitaalamu lilikuwa refu na halikumkaa mtu mdomoni. Kilikuwa chombo cha plastiki ngumu, saizi ya kibuyu cha pombe ya ulanzi, chenye maji ya chumvi, na ndani ya maji zimepangwa karatasi laini za matamvua. Damu ya mgonjwa iliingia kwa mrija mmoja ikiwa imechoka, ikapita katikati ya karatasi zile, ikatokea mrija wa pili imeshavuta hewa. Mapafu ya Ezroni hayakuwa na kazi tena. Vumbi la mgodi lilikuwa limeyagandisha, yake na ya wenzake wote waliochimba madini ya betri kule bondeni. Walikuwa wengi wakati kituo hiki cha matibabu kinafunguliwa. Sasa walibaki sita.

Na matamvua yale hayakuwa ya samaki mtupu. Samoni akiwa bado mdogo, alidungwa seli za mgonjwa mwenyewe, nazo zikajitandaza juu ya matamvua yake na kujifunza kuvuta hewa kutoka majini. Ndiyo maana mwili wa mgonjwa haukuyakataa. Ndiyo maana pia samaki wa Ezroni hawakuweza kumfaa mtu mwingine yeyote duniani, wala wa mtu mwingine hawakumfaa Ezroni. Maji yao yalitiwa chumvi kama ya bahari, huku juu milimani kwenye baridi ya kuuma vidole, kwa sababu seli za binadamu hazipendi maji yasiyo na chumvi. Karatasi za kibuyu zilichoka baada ya mwaka hivi, nyingine zikavunwa. Mavuno yalikuwa yamebakiza wiki chache, na vibuyu vya wote sita vilikuwa vimeanza kufifia.

Enesia alisafisha mikono kwa dawa, akaenda tangi la pili, la Obadia Chaula. Mabaka. La tatu, mabaka. La nne na la tano, mabaka, tena makubwa zaidi. Kila tangi lilikuwa na bomba lake, chujio lake na pampu yake, na yeye mwenyewe alisimamia ujenzi ili ugonjwa ukiingia moja usivuke kwenda jingine. Alisimama katikati ya matangi akijiuliza amiba wamevukaje, na jibu likamjia.

Walivuka kwa mikono ya ndugu.

Ukija pale kumwona mgonjwa wako hukuishia kitandani. Ulipanda hadi kwenye matangi kuwaamkia samaki wake, maana wale ni damu yake. Ulichovya mkono, samoni wakaja kuonja vidole, ukawaambia kamwene, ukawapa habari za nyumbani. Lakini nani aliyelelewa vizuri atawaamkia wa kwake awapite wa jirani kimya? Utaonekana una majivuno. Kwa hiyo mkono uliotoka kwa Ezroni, ukiwa bado unachuruzika, uliingia kwa Obadia, ukaingia kwa yule wa tatu, kamwene, kamwene, hadi mwisho wa safu. Enesia alikuwa akiwatazama miaka yote na moyo wake ukifurahi. Wageni wa kutoka mjini walilipenda jambo hilo kuliko mitambo yote, na walilipiga picha.

Akasafisha mikono tena, akaenda tangi la sita akijua atakachokuta. Alitoa samaki mmoja baada ya mwingine, na matamvua yote yalikuwa safi, mekundu, hayana doa. Hakuna mgeni aliyewahi kuchovya mkono katika tangi lile. Lilikuwa la Mzee Osmundi Ndunguru, aliyekuwa nyapara wao mgodini.

*

Aliwakusanya ndugu kwenye banda la kulia chakula. Walikuwa wachache siku ile, kwa kuwa mvua ilikuwa imeshusha mlima juu ya barabara na aliyekuwa juu alibaki juu. Waliokuwepo walikuwa wamelala pale siku kadhaa, wakipika pamoja. Mbele kabisa alikaa Mama Chaula, mke wa Obadia, mwanamke mnene mwenye sauti ya kanisani. Watu walimsikiliza yeye kwanza, daktari baadaye.

Enesia hakuwaambia habari ya mikono. Alijaribu, akaona afadhali kusema kimelea kimeingia. Kisha akawaeleza dawa, na hapo aliweza kusema moja kwa moja kwa sababu ilikuwa kazi yake.

Amiba huyu ni wa maji ya chumvi. Ukimtia kwenye maji ya kijito anafyonza maji mpaka anapasuka. Samoni mwenyewe hadhuriki, asili yake ni mto. Lakini zile seli za binadamu zilizotanda juu ya matamvua nazo zinafyonza na kupasuka, ila zinachelewa kidogo kuliko amiba. Dawa yote iko ndani ya huko kuchelewa. Ukiwatoa samaki mapema, amiba wengi wanabaki. Ukiwachelewesha, umeua kimelea na umeua pafu la mtu. Hakuna dakika iliyo sahihi kabisa. Wapo amiba watakaobaki, na wakirudishwa kwenye matangi yaleyale, ambayo kuta zake zimejaa wenzao, ni kazi bure. Wanatakiwa kuingia kwenye maji safi ya chumvi, wakapone. Kuogeshwa mara ya pili hawawezi, seli hazitavumilia.

Mtu mmoja akauliza kwa nini wasiyamwage maji machafu na kutia mapya. Enesia akamjibu kwamba chumvi ya kutengenezea maji inaletwa na malori, na malori yako ng'ambo ya maporomoko ya udongo. Iliyopo inatosha kujazia tu.

"Kwa hiyo maji safi hayapo," Mama Chaula alisema.

"Yapo kwenye tangi moja."

Hakulitaja jina, na hakukuwa na haja. Kulikuwa na mama mmoja anamenya viazi, naye aliacha kumenya.

Inafaa ieleweke chuki ile ilitoka wapi, maana haikuwa ya bure. Mgodini barakoa zilikuwepo, nzuri, zimejaa stoo, na ufunguo wa stoo ulining'inia kiunoni mwa Ndunguru. Mtu akivaa barakoa anachimba polepole kwa kuwa anapumua kwa shida, na mizigo ya siku haifiki. Kwa hiyo barakoa zilitoka siku za wakaguzi tu. Ndunguru naye alishuka shimoni bila barakoa, ili asiwe na la kuambiwa, na vumbi likamlipa sawasawa na wengine. Alipoletwa kituoni hakuomba radhi, wala hakuna aliyemngojea aombe. Mkewe alikuwa amekufa zamani na watoto hakupata. Alipewa kitanda cha dirishani, mwisho wa wodi, na wenzake wakageuzia vitanda vyao upande wa mlango.

Enesia aliwaeleza lililobaki kwa sauti ya chini. Samaki wa matangi matano wakiogeshwa na kuwekwa kwenye tangi la sita, kuna uwezekano wakapona, watu sita wakavuka mwaka. Kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba amiba waliobaki watazaana humo, na samaki wa Ndunguru wakaugua pamoja na wa kwao. Wasipofanya hivyo, Ndunguru peke yake atavuna. Tangi lilikuwa lake kisheria, na samaki walikuwa mwili wake. Bila ridhaa yake hakuna wa kuligusa.

Aliulizwa uwezekano mkubwa ni kiasi gani. Alisema yeye mwenyewe, kama ni samaki wake, asingethubutu.

Mama Chaula alifunga kanga yake vizuri. "Basi tutamwendea," alisema.

*

Makao makuu walipatikana kwa simu baada ya kuhangaika sana na mtandao. Mkurugenzi aliyepokea alisikiliza, akatoa pole, akasema utaratibu uko wazi: mgonjwa akieleweshwa na akaridhia, daktari wa kituo aendelee kwa hekima yake. Enesia aliuliza ikiwa wanaweza kutuma helikopta yenye chumvi. Aliambiwa hali ya hewa hairuhusu, na alipotazama mawingu yaliyokalia mlima alikubali kwamba kwa hilo hawakumdanganya.

Alikwenda kwa kaka yake. Ezroni alikuwa mwanamume wa mzaha siku zote. Hata alipofungwa kibuyu mara ya kwanza alisema sasa amekuwa mlevi wa kudumu. Siku ile hakutania. Habari zilikuwa zimeshamfikia, na kibuyu chake, ambacho kilitakiwa kung'aa wekundu, kilikuwa na rangi ya chai iliyopoa. Enesia alikaa karibu naye. Ezroni aliuliza nani ataongea na yule mtu, akaambiwa ni yeye daktari, kama sheria inavyotaka.

"Usimweleze sana, dada," Ezroni alisema.

"Nisimweleze sana kivipi?"

"Wewe unajua kueleza. Ukieleza jambo, mtu anaogopa." Alipumzika kidogo, hewa ilikuwa haimtoshi. "Mwambie ukweli, sikatai. Ila usimweleze sana."

Alikuwa anaogopa, na hakuona aibu kuogopa mbele ya dada yake. Enesia alimshika mkono. Ndani yake alijua kwamba ameshaanza kupanga maneno, lipi atangulize na lipi aliseme haraka, na alijichukia kwa hilo.

Alipoingia wodini alikuta wamemtangulia.

Kitanda cha dirishani kilikuwa kimezungukwa. Ndugu wa wagonjwa wote watano walikuwepo, wengine wamesimama, wengine wamekaa kwenye mabenchi waliyoyabeba kutoka bandani. Kando ya kitanda palikuwa na sufuria ya njegere, viazi vilivyopondwa, na chupa kubwa ya chai ya maziwa. Mtu alikuwa amemnyoosha mzee shuka. Mama Chaula alikuwa anamlisha kwa kijiko, taratibu, na macho yake yalikuwa mekundu. Mzee Ndunguru, jitu lile lenye mabega ya mtu wa zege, alikuwa anatafuna na kuitikia kila anayemwamkia, kamwene, kamwene, akigeuza kichwa huku na huku.

"Amekubali," Mama Chaula alimwambia Enesia kabla hajauliza.

Enesia aliwaomba watoke. Walitoka kwa heshima, na kila aliyepita alimgusa mzee begani au mguuni. Wakabaki wawili. Alivuta kiti, akamuuliza kama amekula vizuri, akaambiwa vizuri sana. Akamuuliza kama wamemwambia kwamba samaki wake wanaweza kufa wote.

"Mama Chaula amenieleza. Amenieleza vizuri mpaka akalia."

"Na wakifa, mzee, kibuyu chako hakifiki mwezi ujao."

"Hilo nalijua kuliko wewe. Mimi ndiye ninayepumua nacho."

Hapa ndipo alipotakiwa kueleza sana au kutoeleza sana, na alieleza. Alimweleza kila kitu, habari ya seli na amiba na kuta za matangi, na kwamba yeye kwa utaalamu wake anaona litashindikana. Kila neno alilolisema lilikuwa linamtoa kaka yake mkononi. Mzee alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Ukikataa hakuna atakayekulaumu," Enesia alimaliza.

Ndunguru alicheka, na kicheko kikamgharimu pumzi nyingi. Alingoja kwanza mpaka kibuyu kikamrudishia. "Watanilaumu. Lakini hilo nimelizoea." Alitazama mabenchi matupu. "Tangu niletwe hapa anayeniamkia ni wewe, na wewe unalipwa. Leo wamenijia watu wote wale. Yule mama amenilisha. Mume wake nilimshusha shimoni mimi, na amenilisha."

"Wamekuja kwa sababu wana shida na tangi lako, mzee."

"Na mimi nina shida na watu. Sasa ubaya uko wapi?"

Enesia alijua ubaya upo. Alijua kwamba mtu mwenye njaa akiuza shamba lake kwa sahani ya wali, hakuna hakimu atakayesema ameuza kwa hiari. Lakini huyu hakuwa mjinga wala hakudanganywa, alikuwa ameijua bei na kuitazama machoni. Alijaribu njia ya mwisho. Alimwambia atazungumza na ndugu wale, waendelee kumtembelea hata akikataa.

"Utawasimamia?" mzee aliuliza. "Nyapara nilikuwa mimi, daktari. Mtu ukimsimamia anafanya, ila haji."

Akanyoosha kidole gumba apige alama ya ridhaa kwenye kishikwambi. Enesia alikishika kile kishikwambi magotini mwake kwa muda mrefu. Sheria ilimpa uwezo wa kukataa hata ridhaa ikiwepo. Angeweza kusema hapana, akamwacha mzee huyu aishi mwaka mwingine akitazama dirisha, na akashuka chini kumwambia Ezroni. Alijaribu kujiona akimwambia Ezroni. Kisha akakisogeza kishikwambi, na kidole kikagusa.

*

Maji ya kijito waliyavuta kwa mpira hadi kwenye beseni kubwa la kuogeshea. Enesia aliyapoza yalingane na ya matangi, akayapulizia oksijeni mpaka yakachemka mapovu, akapima chumvi mara mbili kuhakikisha haipo. Ndugu waliokuwa na nguvu walibeba nyavu. Aliwapa glavu safi kwa kila tangi, na walipomuuliza sababu alisema ni utaratibu tu. Mama Chaula aliitazama glavu, akamtazama yeye, kisha akainamisha uso. Alikuwa ameelewa. Alivaa, akashika wavu.

Wa kwanza kuingia walikuwa wa Ezroni. Samoni alipoguswa na maji matamu alishtuka, akaruka, akatulia, akaanza kupumua kwa kasi, kifuniko cha shavu kikipiga kama kope za mtu aliyeingiwa na moshi. Enesia alikuwa na kamera ndogo ya darubini iliyoshikizwa kwenye shavu la mmoja wao, na picha ilikuja kwenye kioo cha mkononi. Aliwaona amiba wakivimba. Walivimba wakawa duara, wakakaza, kisha mmoja akapasuka, na mwingine, na wengine kwa mafungu. Ute mweupe ulianza kumong'onyoka na kupeperuka majini. Watu waliokuwa wanachungulia begani mwake walishusha pumzi, mmoja akamshukuru Mungu kwa sauti.

Lakini yeye alikuwa anatazama chini ya ute, kwenye utando wa seli, seli za kaka yake. Nazo zilikuwa zinavimba. Zilikuwa zimeanza kung'aa, kingo zake zikinenepa. Amiba wengi walikuwa wamekufa, si wote. Aliweza kuona kundi lililojibana ndani, kati ya nyuzi mbili, ambako maji yalipita kwa shida. Angeongeza muda kidogo, wale wangekwisha. Lakini seli moja tayari ilikuwa imepasuka, na ya pili inafuata.

"Toa," alisema.

"Bado wapo," Mama Chaula alisema. Alikuwa ameona naye.

"Najua. Toeni."

Wakawatoa. Tangi kwa tangi alifanya vilevile, na kila mara aliona kundi fulani limejibana mahali, na kila mara alisema toa. Hakuna mtu aliyemfundisha namna nyingine, na hadi leo haijajulikana namna nyingine. Samaki wa watu watano walimiminwa ndani ya tangi la Mzee Ndunguru, kila mmoja na utepe wa rangi ya mwenyewe pezini, wakajichanganya na wa mwenyeji, wakazunguka pamoja upande mmoja.

*

Siku zilizofuata mvua haikukatika. Wodini kulikuwa na mambo mapya. Vitanda viligeuzwa tena vikatazama dirisha, kwa kuwa ndiko watu walikokuwa. Hakuna aliyesimamiwa. Enesia, ambaye alikuwa na hakika kwamba wakishapata walichotaka watatawanyika, alikuwa amekosea kwa hilo, na alifurahi kukosea. Walikuja asubuhi wakaja na jioni. Mtu alimkata mzee kucha. Mwingine alimsomea Zaburi, na mzee alikuwa anasinzia katikati kisha anadai hakusinzia.

Ezroni ndiye aliyeanza kuzungumza naye mambo ya mgodini. Ilianza vibaya. Ezroni alimuuliza mbele ya watu wote kwa nini hakufungua stoo. Mzee alisema aliogopa kufukuzwa kazi. Alisema hivyo tu, hakuongeza kisingizio, na Ezroni alimwambia kwamba wao pia waliogopa kufukuzwa, ndiyo maana hawakuivunja. Tangu hapo wakawa wanaongea. Msamaha haukuombwa kwa maneno. Enesia aliwasikia kupitia ukuta mwembamba wa maabara yake wakibishana jina la mpishi wa kambini, na alilia kidogo, kwa sababu kaka yake alikuwa ameanza kutania tena.

Kila siku alipima samaki. Siku za mwanzo matamvua yalikuwa mekundu kwa wote, na moyo ukamdanganya. Alianza kuwaza mavuno. Akaosha hata visu vya kuvunia, akavipanga.

Kisha asubuhi moja alimtoa samaki mwenye utepe mweusi, wa Ndunguru mwenyewe, akainua kifuniko cha shavu, na baka lilikuwepo. Lilikuwa kubwa. Hao hawakuwahi kuugua na miili yao haikumjua adui, kwa hiyo amiba walikuwa wamewavamia kwa nguvu kuliko wenzao. Alitoa wa utepe wa bluu, wa Ezroni: baka jipya juu ya kovu la zamani. Alitoa wa Obadia. Alitoa wote aliokuwa na moyo wa kuwatoa. Matamvua yaliyooshwa yasingeweza kuoshwa tena. Ya mzee yangeweza, mara moja, lakini kisha yaende wapi? Maji safi hayakuwepo popote upande huu wa maporomoko.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alijaribu kufikiri kama mtaalamu, akahesabu chumvi iliyobaki ingawa aliijua, akapiga simu makao makuu, akapewa pole na mtu mwingine. Hakuna alichobakiza kufanya. Alikuwa na elimu yote ya matamvua iliyopo nchini na haikumfaa kitu. Alichoweza ni kwenda kusema, na wa kwanza kuambiwa alikuwa mwenye tangi.

Alifika mlangoni mwa wodi na kishikwambi mkononi. Walikuwa wamejaa. Mzee Ndunguru alikuwa ameegeshwa kwa mito, anasimulia habari ya punda wa mgodi aliyekataa kushuka shimoni, na kwa kuwa pumzi ilimpungukia alisema maneno mawili na kupumzika, maneno mawili na kupumzika. Watu walikuwa wakingoja kila neno huku wameshaanza kucheka. Mama Chaula alikuwa amemshika kiganja. Ezroni alikuwa anamrekebisha, anasema si hivyo, mzee, yule punda alikuwa na akili kuliko sisi wote.

Ndunguru akamwona daktari. Alimtazama uso, akakitazama kishikwambi, akarudi usoni, na Enesia akajua kwamba hana haja ya kufungua mdomo. Akaufungua hata hivyo, kwa sababu ilikuwa wajibu wake.

"Mzee, nina jambo la kukueleza."

"Kesho, daktari," Ndunguru alisema. "Leo nina wageni."

Ezroni alikuwa amegeuka na kumtazama dada yake. Mzaha ulimtoka usoni kidogokidogo, kisha akaurudisha kwa nguvu, akamgeukia mzee na kumuuliza punda aliishia wapi. Mama Chaula akasogea kwenye benchi. Enesia akakiweka kishikwambi chini ya kiti, akakaa pale alipopewa nafasi, akapokea kikombe cha chai.